Vitambaa vya Fundi Rangi

Askari wa kambini wakilipua mabomu ya mazoezi, vioo vya mtaa mzima hutetemeka, lakini fundi rangi hainui hata kichwa. Huendelea kupaka nyumba ya mbao ya Bibi Gunvor, kucha zake nyekundu kwa rangi. Jioni huhesabu vitambaa vyake vilivyolowa mafuta ya kitani anayochanganyia rangi, kisha huvizamisha kwenye ndoo ya maji.

"Vitano tu, unavihesabu kama watoto wa shule!" humtania Gunvor.

Juzi vilikuwa vinne. Fundi alibadilika uso, akapekua hadi sanduku la kuni, ambako Gunvor alikuwa amekitupa kile cha tano. Akakitoa, akamwekea mkononi.

"Mbona kina joto?"

"Mafuta haya yakikauka hupata joto, mwisho kitambaa kinajiwasha chenyewe, bibi. Hakihitaji kiberiti."

Leo mabomu yanalia tena, na Gunvor yuko dirishani, anahesabu vitambaa: kimoja, viwili, vitatu.