Beberu wa Fainali

Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja hata kuku akanizoea. Nimeparua samaki kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, nimebeba viazi Chome milimani, kisha nikaangukia Same kuchora mistari ya chokaa kwenye kiwanja cha tenisi. Sikujua tenisi ni nini. Niliuliza kila kitu, na kadiri nilivyojibiwa ndivyo nilivyozidi kuwadharau walionijibu.

Kiwanja kilijengwa kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo sisi Wapare huitana kwa pembe, na asiyetokea hutozwa faini. Wanawake walibeba udongo wa kichuguu na maji kichwani. Wanaume walionyesha kwa vidole pa kumwaga. Kilipokamilika, wenye vidole wakanunua kaptula nyeupe wakajiita kamati.

Fainali zilipofika, mwenyekiti akatangaza: wanaume saa kumi, mbele ya mgeni rasmi, seti tatu, zawadi beberu. Wanawake saa saba mchana, seti moja, zawadi chupa ya chai. Jua la Same saa saba hata mijusi hulikimbia.

Mwalimu mmoja wa kike, aliyekuwa akishuka kutoka Chome kila Jumamosi kufanya mazoezi, akamfuata.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Una shida?"

"Na sisi tunataka saa kumi, seti tatu, na beberu."

Mwenyekiti, mstaafu anayebeba kitambi chake kama cheo, akacheka. "Beberu wa nini? Si utampelekea mumeo tu?"

"Sina mume."

"Ndiyo hayo sasa. Raketi imekuzuia."

Kamati nzima ikacheka, wakubwa kwanza, wadogo wakafuatia.

"Haya," mwalimu akasema. "Maji ya kiwanja mtachota wenyewe."

Udongo ule usipomwagiwa maji hugeuka vumbi tupu. Wanawake ndio waliokuwa wakiumwagia tangu siku ya kwanza, na kamati haikuwahi kujiuliza maji yanatoka wapi. Labda walidhani ni umande. Umande, Same!

Siku ya fainali, saa saba ikapita bila mwanamke hata mmoja kutokea kiwanjani. Bomba lilikuwa ng'ambo ya barabara tu, lakini hakuna aliyekubali kuonwa na watu wa sokoni akiwa na ndoo. Wakamtuma kijana wa bodaboda na madumu mawili. Akayamwaga yote mahali pamoja, akaondoka zake. Fainali ya wanaume ikaanza kwa vumbi na kuishia kwenye tope: mmoja aliteleza akakalia dimbwi, mwenzake akasema hachafui nguo kwa ajili ya mbuzi. Mgeni rasmi, aliyechelewa, alipoketi alikuta dimbwi.

Ndipo wanawake wakaja na ndoo zao. Wakasawazisha, wakamwagia, nami nikarudia mistari. Mwalimu alicheza na muuza samaki wa Nyumba ya Mungu aliyepiga mpira kama anakata kichwa cha kambale. Akina mama wa sokoni walijaa pembeni.

"Mwalimu, usimwonee huruma, huyo si wa darasa la pili!"

"Dada wa samaki, mparue!"

Seti tatu kamili. Mwalimu akashinda, jasho likimtiririka hadi viatuni.

Mwenyekiti akamkabidhi chupa ya chai.

"Na beberu?"

Beberu alikuwa ameshachinjwa nyuma ya banda, wakati macho yote yako mchezoni. Fainali ya wanaume imekosa mshindi, mwenyekiti akaeleza, kwa hiyo mbuzi amerudi kwa kamati. Wazee wazima, wenye wajukuu, walijificha na kisu ili tu mwanamke asishike kamba ya mbuzi.

Mwalimu hakupaza sauti. Alimsalimu mgeni rasmi, akaenda moja kwa moja hadi kwenye sufuria iliyokuwa ndiyo kwanza inachemka, akafunua.

"Nipakulie mbuzi wangu, mwenyekiti. Supu humu kwenye chupa. Nyama kwenye ndoo zile pale, zimeshamaliza kazi yenu."

Mgeni rasmi alikuwa amesimama, anatazama. Mwenyekiti akachukua upawa. Akapakua mpaka kipande cha mwisho, supu ikimchoma vidole, kaptula yake bado nyeupe pe.