Kitanzi Nilichokifunga kwa Siri

Mwanangu, ipo alasiri moja ya mwezi wa tatu ambayo hunirudia kila mwaka theluji inapoanza kuyeyuka. Nilikuwa nimesimama katika sebule ya bibi mmoja mzee, mjini Columbus, Amerika, mtaa wa Clintonville, nikimtazama akivuta shali ya binti yangu kwenye fremu ya mbao. Nilikuwa naomba kimoyomoyo avute taratibu. Mle ndani tulikuwa watu watatu, na mimi peke yangu nilijua kwa nini naomba hivyo.

Nitakueleza mambo yalivyofika hapo, na sitajipendelea.

Mke wangu Odeta alikuwa akimhudumia bibi huyo siku tano kwa wiki: kumpikia, kumwogesha, kumkumbusha dawa. Jina lake Salme. Alizaliwa Estonia, nchi ndogo kaskazini mwa Ulaya, akaikimbia na mama yake akiwa mtoto wakati wa vita, wakakaa kambini Ujerumani miaka kadhaa kabla ya kuletwa Amerika. Odeta alipomwambia kwamba sisi ni Warundi tuliokulia kambini Tanzania, bibi alimuuliza jambo moja tu: "Na nyinyi mlipanga foleni ya mkate?"

"Sisi ilikuwa ya unga, bibi."

Wakacheka mpaka machozi, na tangu siku hiyo wakawa kama mtu na shangazi yake.

Kwa kina Salme, wanawake hufuma shali za sufu nyeupe, nyembamba kama utando wa buibui, zenye matundu na maua madogo yanayoinama kama kengele. Juu ya maua hayo hukaa vinundu, kila kimoja kama punje ya mtama. Yeye aliviita nupi. Ili upate nupi moja unatoa vitanzi saba ndani ya kitanzi kimoja, unaviacha vimelegea, kisha katika safu inayofuata unavikusanya vyote saba kwa ncha ya sindano viwe kimoja tena. Ukikaza mkono, sindano haipiti. Odeta alijifunza mwaka mzima. Binti yetu Neema alipochumbiwa huko Buffalo, mama yake akaamua kumfumia shali hiyo kwa mkono wake mwenyewe, amfunike mabegani siku ya arusi.

"Mimi niliolewa na kitenge cha kuazima," aliniambia. "Neema hataazima."

Basi shali ikaanza, na ikafika theluthi moja. Mwezi wa kwanza Odeta akateleza kwenye barafu mbele ya mlango wetu, akavunjika mkono wa kulia, akafungwa plasta mpaka juu ya kiwiko. Arusi ilikuwa mwisho wa mwezi wa tatu. Alikaa kitandani akiitazama ile kazi kwenye kikapu, wala hakulia, na hilo lilinitisha zaidi. Nikasema, "Nitamalizia mimi."

Usicheke. Nilikuwa na sababu ya kujiamini. Nilipomaliza kidato cha nne kambini hapakuwa na kazi wala ruhusa ya kutoka, kwa hiyo vijana wachache tulijifunza kufuma masweta. Tulitafuta masweta ya mitumba yaliyochakaa, tukayafumua, tukafuma mapya. Uzi wa kufumua hukatika kila mara, nasi tulikuwa tunaunga kwa fundo na kulisukuma fundo upande wa ndani. Nje sweta lililala safi, ndani lilijaa mafundo. Nani angeligeuza akukague? Mteja alitaka joto, nasi tukampa joto. Niliishi na mkono huo miaka minane, mkono wa kukaza na kuficha, na ndio niliokuja nao Amerika.

Nilifuma hata kazini, wakati wa mapumziko. Pale ghalani tulipokuwa tukipakia mizigo, rafiki yangu Mkongomani, Papa Bahati, aliponikuta na sindano aliita wenzake wote.

"Bon, mukuje muone! Baba ya bibi-arusi amekuwa mama yake! Donc, Papa Neema, na chakula ya ndoa utapika weye?"

"Nitapika," nikamwambia, "na wewe utaosha masufuria."

"Ah non! Mimi niko mgeni!"

Nilicheka nao. Sikuwa na aibu ya kufuma. Aibu yangu ilikuwa mahali pengine, kama utakavyoona.

Salme alinipima kabla ya kuniachia kazi. Aliniita kijana, ingawa nilikuwa nimeota mvi. Kwake yeye kila mtu alikuwa kijana. Macho yake yalikuwa na ukungu, kwa hiyo alipapasa safu zangu tatu za kwanza kwa ncha za vidole. "Unafuma kama askari," alisema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Legeza." Kisha akasema neno ambalo nililisikia bila kulipokea. "Shali hii haina ndani wala nje, kijana. Itavutwa pande zote mpaka ionekane yote. Kitanzi kikikuponyoka, niambie, tutafumua pamoja. Mimi nimefumua maisha yangu yote na bado niko hai."

Nililegeza mkono. Niliendelea vizuri, nakiri, mpaka Jumapili moja baada ya ibada, zikiwa zimebaki wiki tatu. Niliinua kazi dirishani niione, nikakuta kitanzi kimoja kimeponyoka safu kumi na mbili chini, katikati kabisa, pale ambapo shali ingelala mgongoni mwa Neema. Kufumua safu kumi na mbili, na nupi zake zote, ni jioni nne au tano za kazi. Nilihesabu siku.

"Mbona umenyamaza?" Odeta akauliza kutoka jikoni.

"Nahesabu."

"Kuna shida?"

"Nimekwambia nahesabu, mama."

Nikachukua kipande cha uzi uleule mweupe, nikakidaka kile kitanzi, nikafunga fundo dogo sana, nikakata ncha zake karibu. Hata mimi nilipotazama tena ilinibidi nilitafute. Mkono wa masweta ulikuwa umefanya kazi yake.

Kesho yake Salme alipapasa safu. Vidole vyake vilikuja taratibu, vikafika jirani ya fundo. Vikapita.

"Hakuna kilichoponyoka?"

"Hakuna, bibi."

Nilimaliza shali siku nane kabla ya arusi. Sasa shali ya namna hii, ukiitoa kwenye sindano, huwa imejikunja kama kitambaa cha jikoni. Lazima ioshwe, kisha ikiwa mbichi ivutwe kwenye fremu yenye misumari midogo pande zote nne, ikauke imenyooka. Hapo ndipo maua yanafunguka. Salme alitaka kuvuta mwenyewe. Alisema mama yake hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo, hata kambini, ambako fremu ilikuwa mlango uliong'olewa bawaba.

Akavuta upande wa kwanza, wa pili, wa tatu. Odeta alikuwa akimpokeza pindo kwa mkono wake mzima, akisema, "Tazama, Baba Neema, tazama yanavyofunguka!" Mimi nilitazama mahali pamoja tu. Ningeweza kusema, "Subiri." Neno moja. Kila upande ulipovutwa nilijiambia, labda litashika.

Upande wa nne, fundo likaachia. Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu anayepasua mbegu ya boga kwa meno. Kitanzi kikashuka, kikabeba cha chini yake, na cha chini yake tena, nupi zikifumuka moja baada ya nyingine, mpaka kukawa na mwanya wa urefu wa kiganja katikati ya maua.

Kisha Salme akainua mikono yake miwili, akaisogeza karibu na macho yake yenye ukungu, akaitazama.

"Mimi," alisema. "Nimevuta sana. Sijui tena nguvu za mikono yangu."

Mwanangu, kosa la uzi lilikuwa dogo. Kosa langu kubwa nililifanya hapo, mchana kweupe, nikiwa na akili timamu. Nilisema, "Ni bahati mbaya, bibi. Ulivuta kidogo tu zaidi."

Odeta akamkumbatia kwa mkono mmoja. "Usijali, bibi, usijali." Na yule mzee akamwomba radhi mke wangu, mara mbili, mara tatu, kwa kazi ya mikono yangu.

Waliokoa walichoweza. Salme alimwelekeza Odeta, Odeta akanielekeza mimi, nikavidaka vitanzi kwa sindano ya kushonea na kuuziba mwanya. Ulibaki mshono kama kovu la kidonda. Tulimwalika Salme aje nasi Buffalo. Akasema amechoka.

Arusi ilikuwa nzuri. Ibada ilijaa, kwaya iliimba, na chakula kililiwa katika ukumbi mdogo nyuma ya mgahawa pale Grant Street. Odeta alimfunika Neema shali, na wanawake wakapiga vigelegele. Shangazi mmoja akaliona lile kovu mgongoni. "Hapa pamefanya nini?"

"Ni bibi wa watu," Odeta akajibu kwa huruma. "Mikono yake imechoka."

"Maskini!"

Wakatikisa vichwa wote. Kisha Odeta akampa Neema kifurushi kutoka kwa Salme. Neema alifungua, na ndani mlikuwa na sindano mbili za mbao, zimelainika kwa kushikwa, sindano za mama yake Salme. Kulikuwa na karatasi ndogo, Neema akaisoma kwa sauti: bibi alisema hatazihitaji tena.

Hapo ningesimama niseme. Watu wote walikuwepo. Nilikunywa maji.

Nilikaa kimya wiki nane. Nilijiambia shida imepita, shali imevaliwa, mzee ni mzee. Mpaka siku moja, Odeta akiwa amepona mkono na kurudi kumhudumia Salme. Nilikwenda kumchukua, yeye akashika usukani, na njiani akasema, "Bibi Salme hafumi tena. Alikuwa akifuma kila asubuhi, daktari alimwambia ndiyo dawa ya viungo vyake. Sasa anakaa tu, ameweka mikono mapajani. Leo nimemfunga vifungo vya blauzi, ameshindwa mwenyewe."

Nikamwambia. Yote, tangu Jumapili ile.

Odeta aliingiza gari kwenye kituo cha mafuta, akazima injini, akashuka. Alisimama kwenye upepo akinipa mgongo muda mrefu. Aliporudi alisema, "Kwa shali ningekusamehe kabla hujamaliza kusema. Lakini ulimwacha aniombe radhi mimi. Na mimi nikampa pole."

Nilimpigia Neema simu jioni ileile. Kwanza alinijibu kwa Kiingereza, kama wanavyofanya watoto wetu wakikasirika. Halafu akasema kwa Kiswahili, "Baba, mimi shali naipenda hivyohivyo. Sindano nazituma kesho. Lakini nenda kwa yule bibi, Baba, na usitume Mama."

Zilipofika nilikwenda peke yangu. Salme alikuwa kwenye kiti chake. Nilipiga magoti, nikaziweka sindano mapajani mwake, nikasema: kitanzi kiliponyoka mkononi mwangu, fundo nililifunga mimi, hukuvuta sana hata kidogo.

Alizipapasa sindano toka ncha hadi ncha. Kisha akasema, "Wiki nane. Nimekaa hapa wiki nane nikiichukia mikono yangu."

Akaomba uzi. Nilimwanzishia vitanzi ishirini. Akashika sindano, akajaribu nupi moja. Vidole havikukunjika. Akajaribu tena, sindano ikamponyoka ikaanguka zuliani, nikaiokota, akajaribu mara ya tatu. Mwisho akaziweka chini, akazipanga sambamba.

"Nimekusamehe, kijana," alisema. "Lakini usidhani vidole vitarudi kwa sababu nimekusamehe."

Havikurudi. Niliendelea kumtembelea kila Jumamosi hadi tulipohamia hapa Louisville kumfuata Neema, aliyekuwa amehamia huku na mumewe, nikimfumia mbele yake huku akipapasa na kunigombeza. Alikuwa na haki ya kunigombeza. Sasa naishi mtaa wa Iroquois, akina mama wa kanisani huja kujifunza kwangu, na swali la kwanza ninalomuuliza kila mmoja si kama anajua kushika sindano. Ninamuuliza kama anaweza kusema mbele ya wenzake, "Nimekosea hapa."

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Utakosea. Kiwandani, nyumbani, katika malezi ya watoto wako, kitanzi kitakuponyoka, na mara nyingi hakuna atakayeona. Sema siku hiyohiyo, kazi ikiwa bado kwenye sindano, wakati kufumua kunakugharimu jioni chache tu. Na kama umechelewa, na mtu mwingine ameinua mkono kusema "ni mimi", usimwache na neno hilo hata dakika moja. Mzigo wa lawama ukiuacha juu ya asiyehusika, unamwingia mwilini. Utarudi siku moja kuuchukua, nawe utakuta umekwisha kumharibu. Msamaha nilipewa, nami nilishukuru. Nilichoharibu sikurudishiwa.

Mungu akupe ujasiri wa kusema mapema, na akuzungushie watu watakaokaa nawe kufumua. Akulinde mikono yako, na kila mkono utakaokuamini. Amina.