Nilimwambia Mama Sheikh Ameruhusu Dripu

Asalaam aleykum ndugu zangu, na msio Waislamu habari zenu. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, mjane, fundi cherehani, naishi na mama yangu mzazi hapa Nguvumali, Tanga. Mama ana miaka sabini na tatu. Admin nifichie jina, mtaani kwetu tunajuana wote. Nimechoka na nina hasira, mkiona naandika kwa ukali mnivumilie.

Mama anaishiwa damu tangu mwaka jana. Akitoka chumbani kwenda uani anashika ukuta mara mbili. Ulimi mweupe, kucha zimepauka, akiinuka kwenye sijda anakaa kwanza mpaka kizunguzungu kipite. Hospitali wakampima wakasema mwili umepungukiwa madini ya chuma. Akapewa vidonge, vikamfunga choo na kumchafua tumbo, nami nikigeuka tu anavitemea kwenye pindo la kanga. Miezi mitatu damu haikupanda. Daktari akasema basi, atawekewa dripu ya madini hayo hayo yapite kwenye mshipa, mara mbili, wiki mbili katikati. Akasisitiza ya pili tusiikose, ya kwanza peke yake haimtoshi.

Sasa Ramadhani iliyopita mama alikula siku kumi na moja kwa sababu ya ugonjwa. Ulipoingia huu mwezi wa Shaaban akasema lazima azilipe kabla Ramadhani nyingine haijamkuta. Ana makopo mawili ya maziwa. Kokwa kumi na moja za tende zilikuwa kopo la kulia, na kila akifuturu anahamisha moja kwenda la kushoto. Nikamwambia, mama, mzee mgonjwa ana ruhusa ya kulisha masikini badala ya kufunga. Nilijuta kufungua mdomo. "Hiyo ni ya mgonjwa asiyetarajiwa kupona," akasema. "Ndivyo mnavyonitarajia?" Akaninunia siku mbili.

Asubuhi ya dripu ya kwanza nikamkuta amefunga. Yaani mtu hana damu, daktari kamkataza, na amefunga. Akakaa kitandani na buibui lake, kavaa kabisa, akasema hatoki mpaka Sheikh wa msikiti wetu aulizwe kama dripu inabatilisha saumu. Nikatoka kwenda kumuuliza. Wallahi nilitoka na nia hiyo. Nikafika dukani pale kwenye kona nikasimama. Nikajiambia, Sheikh akisema inabatilisha, huyu mwanamke haendi, na mimi nitamzika. Nikanunua vocha, nikarudi.

"Amesemaje?"

"Amesema haina neno mama. Haipiti tumboni."

Akainuka bila hata kuniuliza mara mbili. Ile dawa rangi yake kama kahawa nzito, akaitazama ikishuka mpaka ikaisha, tasbihi mkononi. Jioni akafuturu, akahamisha kokwa.

Na dawa ilimsaidia jamani, hilo silifichi. Wiki ya pili alifagia uwanja mwenyewe, nikatoka nje nikadhani ni jirani. Lakini furaha ikamponza. Akaenda kwenye hitma akawasimulia wenzake wote kwamba Sheikh karuhusu dripu kwa aliyefunga. Mama mmoja wa pale naye anatakiwa kuwekewa dripu, akaenda kwa Sheikh kuhakikisha. Sheikh akashangaa, akasema hajaulizwa na mtu yeyote.

Habari zikamfikia kaka yangu anayefanya kazi Ushongo. Huyu kaka tangu mama augue amekuja mara mbili, na mara zote kaondoka kabla chakula hakijaiva. Hajui kadi ya hospitali ya mama ina rangi gani. Ila kwa hili alipanda pikipiki siku hiyo hiyo. Akaniita uani.

"Umemdanganya mama kwenye ibada yake. Una mpaka Jumatano umwambie mwenyewe, la sivyo namwambia mimi."

"Na Alhamisi dripu ya pili nani atampeleka, ukishamwambia?"

"Hilo ni lako."

Hilo ni langu. Vidonge vyangu, matapishi yangu, foleni zangu, na dhambi nayo yangu. Yeye kazi yake ni kuja kunisahihisha.

Nikaenda kwa Sheikh, safari hii nikafika kweli. Hakunigombeza. Akasema dini haikumtaka mama yako ajitese, mgonjwa angekula tu na siku zake zikatafutiwa njia, mlete nizungumze naye. Maneno yale ningeyasikia siku ile ya kwanza yote haya yasingekuwepo, nikalia hapo hapo barazani kwake. Lakini nitampelekaje? Akikaa mbele ya Sheikh, la kwanza atakalofanya ni kumshukuru kwa ruhusa ambayo hakuitoa.

Namjua mama yangu. Akijua nimemdanganya hatanipigia kelele. Atavua buibui, atalala akitazama ukutani, na hospitali hataiona tena, wala dawa yoyote itakayopita mkononi mwangu hataimeza. Nikinyamaza, kaka atasema, na itakuwa vibaya zaidi.

Jana jioni nilikuwa namkanda miguu. Akaniambia, "Alhamisi nitakwenda nimefunga, zimebaki mbili tu. Mungu amlipe yule Sheikh. Na wewe mwanangu Mungu akulipe, ulikwenda kuniulizia kwenye jua lile." Nikaendelea kukanda, sikuweza kumtazama.

Leo ni Jumatatu. Kopo la kushoto lina kokwa tisa, na moja kati ya hizo niliitia mimi kwa mdomo wangu. Mliowahi kuuguza mzazi mwenye msimamo kama huyu, niambieni: nimwambie kabla ya Alhamisi nimkose hospitalini, au nimwombe kaka anipe siku moja tu, dripu iishe mwilini ndipo nipige magoti?