Mama Aliyerudisha Ng'ombe Butiama

Juzi nilikuwa kwenye foleni katika ofisi moja mjini Musoma. Mbele yangu muuguzi wa makamo alikuwa akiomba ruhusa ya kwenda Bunda kumzika mama yake.

Karani aliisoma barua. "Pole, dada. Alikuwa mzee sana?"

"Alizaliwa Mjerumani akiwepo. Na mwaka huu amepalilia pamba shamba la Ujamaa."

Akaushika mkanda wa sare yake, akaeleza. Kabla ya Uhuru, yeye akiwa shule ya kati, baba yake alimpokelea mahari ya ng'ombe kutoka kwa mwanamume wa Butiama. "Mama aliwaswaga wale ng'ombe peke yake mpaka Butiama, siku mbili kwa miguu. Akamwambia yule mchumba, 'Chukua ng'ombe wako. Binti yangu bado anasoma.'"

"Na baba?"

"Alinuna msimu mzima. Nilipovaa sare hii, yeye ndiye alikuwaga anatembea na picha yangu."

Karani alisimama, akamrudishia barua kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimejiandaa kulalamika kwamba foleni haisogei. Nilipofika dirishani, nilimuuliza karani mazishi ni lini.