Dobi wa Bulyaga aliyelifuata jua Kyela

Saa tatu asubuhi, Bulyaga, mjini Tukuyu. Mvua imekatika, lakini wingu limekaa juu ya mabati na halina dalili ya kuondoka. Tupokigwe anafunga ncha moja ya shuka jeupe kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia, anashika ncha ya pili kwa mkono wa kushoto, anaanza kulisokota.

Maji yanachuruzika kidogo tu. Mkono wake wa kulia umelazwa kwenye kanga iliyofungwa shingoni. Umevimba kuanzia begani hadi vidoleni.

"Zamani shuka tulikuwa tunalikamua mimi na Shukrani, kila mtu upande wake, linabaki na unyevu tu," anasema. Shukrani ni binti yake wa pili. "Akienda shule nabaki na huyu nguzo. Naye hajui kukamua, kazi yake kusimama tu."

Ana umri wa miaka 48 na amefua mashuka ya nyumba za wageni kwa miaka ishirini, shilingi 500 kwa shuka. Katika mji ambao mvua haibishi hodi, dobi ni mtu wa kuviziana na jua. Likichungulia tu, Tupokigwe huacha chakula mezani akakimbilia kamba. Jua limemlishia watoto, na pengine ndiyo sababu alipoambiwa kuwa ni dawa hakubisha.

Mwaka juzi, akiwa anaoga, aligusa uvimbe kwenye titi la kulia, mdogo kama punje ya mahindi. Zahanati wakamwelekeza aende hospitali Mbeya, akatwe kinyama kidogo kikapimwe. Neno hilo la kukatwa lilimtisha.

Siku hizo hizo ikaingia sauti kwenye kundi la WhatsApp la kwaya yao. Mwanamume asiyejitaja jina alikuwa anaeleza, tena kwa kujiamini kweli kweli, kwamba wagonjwa wengi wa saratani hukutwa na upungufu wa vitamini D, na kwamba vitamini hiyo mwili huitengeneza kwa jua. Akamalizia kwamba mtu akiota jua la kutosha, hana haja ya kisu cha daktari.

"Nikatazama juu, wingu tupu. Nikasema mwe, kumbe ndiyo maana! Hapa Tukuyu jua si tunalisikia kwenye redio?"

Mumewe, Ambilikile, alimsihi waende Mbeya. Hakusikilizwa. Tupokigwe alifunga mzigo akashuka Kyela kwa mama yake mdogo, kule bondeni kwenye mpunga na joto. Kila siku alitandika mkeka uani, akashusha kanga chini ya mabega, akalala.

"Nilijianika kama shuka," anasema. "Naona upande huu umekauka, najigeuza." Anacheka, kisha kicheko kinamkatikia njiani, anainamia beseni.

Mwezi wa pili aliona kama uvimbe umelainika. Ilikuwa tamaa ya moyo tu, na leo anakiri hivyo. Lakini siku ile furaha ilimzidi, akachukua simu, akajirekodi, akaituma sauti kundini: "Wapendwa, Mungu mkubwa! Mimi Tupokigwe wa Bulyaga, uvimbe unanywea. Msikimbilie visu, tokeni juani!"

Alipopanda kurudi Tukuyu, miezi mitano ilikuwa imekwisha na uvimbe ulikuwa umefikia ukubwa wa yai. Ngozi ilianza kuvutika ndani. Mbeya waliondoa titi lote pamoja na tezi za kwapani, na baada ya hapo mkono ukaanza kuvimba. Dripu za dawa ya saratani bado zinaendelea. Nywele zimekwisha, chakula hakipiti, na hakuna daktari aliyethubutu kumwahidi kitu.

Daktari Asajile, mmoja wa wanaomtibu, anasema sauti ile ya mwanamume haikuwa uongo mtupu, na hapo ndipo ilipowanasa watu.

"Ni kweli tafiti nyingi zimekuta wagonjwa wa saratani wana vitamini D kidogo," anaeleza. "Lakini mgonjwa hali vizuri, hatoki nje, amechoka. Huenda ugonjwa ndio ulioishusha. Na watu waliopewa vidonge vyake kwenye majaribio hawakuonekana kupata saratani kidogo kuliko wengine. Yapo mambo bado yanachunguzwa. Ila uvimbe uliokwisha kuota, jua haliuyeyushi."

Tupokigwe alirekodi sauti ya pili kukanusha ile ya kwanza. Haikwenda popote. Wanakwaya walimtumia pole na picha za mikono ya maombi, basi.

Wiki iliyopita rafiki yake Joyce alimtumia sauti aliyoipata kwenye kundi jingine kabisa. Tupokigwe akaifungua, akajisikia mwenyewe.

"Niko Kyela, nacheka, nasema tokeni juani," anasimulia, na safari hii machozi yanamtoka waziwazi. "Joyce akaniambia imemfikia mama mmoja wa Nkunga, anaitwa Jenifer. Ana uvimbe titini. Hospitali hataki kuisikia, kila jua likitoka yuko uani."

Alimpigia. Alimweleza yote, Kyela, kisu, dripu, mkono. Jenifer alisikiliza hadi mwisho.

"Akaniambia, 'Dada, unanidanganya. Tupokigwe wa kwenye sauti amepona. Yule anacheka, wewe unalia.' Akakata simu."

Shukrani, ambaye leo hana shule, anatoka ndani, anafungua shuka kwenye nguzo, anashika ncha ya pili. Wanasokota, mama kwa mkono mmoja na binti kwa miwili, na maji yanamwagika.

Jumamosi, kama miguu itambeba, Tupokigwe anakwenda Nkunga. Amemwomba Ambilikile amsindikize na ameshauliza magari ya Mbeya, kwa sababu anataka arudi na Jenifer na wapande wote.

Kubishana naye hataki, anasema.

"Nitaomba tuingie chumbani. Nitacheka kwanza, aitambue sauti. Halafu nitafungua blauzi."