Moyo Mbaya

Jeli ya kipimo cha moyo ni ya baridi na ina harufu hafifu ya sabuni. Leo asubuhi, mtaalamu alipoipaka kifuani pangu, nilijiona tena kwenye kitanda cha hospitali moja ya Kasulu, mtoto aliyeitwa mvivu na kijiji kizima kwa sababu kila kilima kilinikalisha chini nikihema.

Daktari mgeni, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza, alitazama kioo cha mashine. "Mama, mtoto huyu ana moyo mbaya."

Mama akasimama. "Mwanangu? Huyu hugawa hata kiazi chake cha mwisho! Nani kakwambia?"

Daktari akacheka, akamgeuzia kioo. "Samahani, mama. Tazama, utando huu umekatiza chumba cha moyo, damu inapita kwa shida. Amezaliwa nao."

"Kama utando wa maziwa?"

"Kama huo. Tukiukata, atakimbia."

"Basi si mvivu."

"Hata kidogo."

Mama alitoka, akawatangazia wote waliokuwa kwenye benchi, kwa Kiha, kwa sauti ya sokoni.

Leo mtaalamu amenifuta jeli akasema, "Moyo wako ni mzuri, mzee."

"Mama alishasema," nikamjibu.