Mama Bado Anapika

Alikuja mtaalamu mmoja hapa kwetu Katwe kutufundisha mambo ya majanga. Akatuambia kwamba watu wa bondeni hatuamini hatari mpaka itubishie mlango. Tulimpigia makofi, tukanywa soda yake, tukaenda zetu. Mimi nilirudi nyumbani na hasira. Hatari tunaijua kuliko yeye: kila mvua kubwa mfereji unafurika, na vitanda vyetu vyote vimeinuliwa juu ya matofali. Shida yetu si kutoamini. Shida yetu ni kuangaliana, kila mtu akingoja mwenzake atoke kwanza.

Katika ua wetu aliyeangaliwa ni mama yangu. Alikuwa mjane wa askari, ameishi miaka mingi kambini Mbuya, na hakuna aliyewahi kumwona akikimbia kitu. Mvua ikizidi, majirani walichungulia mlangoni kwake. Wakiona sigiri yake ya makaa inawaka, waliambiana, "Mama bado anapika," wakarudi ndani. Yeye alijua, na ilimpendeza sana.

Mchana mmoja maji yalikuja kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona. Jirani wa chumba cha chini alikuwa amejifungua juzijuzi tu. Nilimkuta kitandani na mtoto wake, maji yamejaa sakafuni. Nikamwambia tupande barabarani.

"Si mama bado anapika?" akanijibu.

Nikamrudia mama damu ikinichemka.

"Mama, toka!"

"Mimi sitoki kwa nyumba yangu. Maji itapita tu, kama siku zote."

"Sikuombi utoke sababu yako. Ule mtoto iko kule chini sababu ya wewe. Ukikaa, mama yake anakaa."

"Kwani mimi nimemfunga kamba?"

"Umemfunga!"

Sikuwahi kumpigia mama kelele namna ile, na sijuti. Alinikazia macho, nikadhani atanizaba kofi. Kisha akaipua sufuria ya maharage, akajitwika, akatoka uani kwenye mvua akifoka kama yuko kwenye gwaride.

"Nyinyi mnangoja nini? Leo tunakula kwa barabara!"

Milango ikafunguka. Walitoka wote, wengine wakicheka, na jirani akatoka na mtoto kifuani. Nilimshika mkono mpaka juu.

Kesho yake maji yalipopungua, tulikuta ukuta wa chumba cha jirani umeangukia kitanda. Mama akaja mlangoni kukitazama. Mtaalamu naye alifika, akatuuliza kwa nini hatuhami kabisa.

"Tuhamie kwako?" mama akamwuliza. "Sikia, mtaalamu. Mvua ingine nitatoka wa kwanza, wote wanione. Na kurudi pia, nitarudi wa kwanza."

Kisha akakunja gauni, akaingia kwenye tope, akaanza kuondoa matofali juu ya kile kitanda.